Maelezo Kuhusu Makala ya Muhogo Yaliyotajwa Mara Thelathini na Moja

Kituo cha polisi, Kisangani, tarehe 9 Oktoba 2025, saa 3:20 asubuhi.

Jina: Eugène Bolamba Yenga. Umri: miaka 68. Kazi: mhariri wa jarida la utafiti wa vyakula. Makazi: komini ya Mangobo.

Nimekuja kwa hiari yangu. Sikuitwa.

Mwaka 2016 jarida letu lilichapisha makala ya Bwana Apollinaire Lisungi, mtafiti. Yalisema kwamba muhogo ukilowekwa siku moja, sumu yake huisha.

Mnamo Februari 2022 wakuu wetu walitangaza kuwa ubora wa kila jarida utapimwa kwa idadi ya mara ambazo makala yake yanatajwa na watafiti wengine. Jarida lenye idadi ndogo lingefungwa. Letu lilikuwa limetajwa mara tano tu, na zote zilihusu makala hayo ya muhogo. Kuanzia hapo, kila aliyeniletea makala nilimwongezea rejeo moja la Bwana Apollinaire, hata aliyeandika kuhusu samaki wa wavuvi Wagenia. Hakuna aliyekataa, kwa kuwa wote walihitaji kuchapishwa. Kwa njia hiyo niliongeza marejeo ishirini na sita. Jarida halikufungwa.

Mnamo tarehe 5 Machi 2024 Bwana Apollinaire aliingia ofisini kwangu na barua. Alisema: "Papa Eugène, toa ile article. Nilikosea. Nilipima muhogo tamu tu. Ile ya uchungu inaomba siku ine." Barua ilisema hivyo hivyo: siku nne, si moja.

Nilimjibu: "Tukiyaondoa, idadi itarudi sifuri. Subiri tupimwe kwanza mwaka huu."

Alicheka bila furaha. "Papa, ulinirudishiaka kazi mara tatu juu ya virgule, alama ya mkato tu. Leo batu watakula sumu, unasema nisubiri?"

Nilitia barua ile katika droo, nikaifunga kwa ufunguo.

Mnamo Novemba 2024 alikuja Bi Kyakimwa, wa shirika moja la afya, akitafuta maandishi ya kutengenezea karatasi za mafunzo. Hakuyasoma makala. Alitazama orodha ya makala na idadi ya kutajwa kwake, akasema: "Trente et un! Thelathini na moja! Bon, hii ndiyo ya kwanza. Batu wote banaitaja, donc iko muzuri." Nilikuwa nimeketi mbele yake. Barua ilikuwa karibu na goti langu. Nilimpa nakala.

Mnamo Januari 2025 karatasi ziligawiwa Lubunga, ng'ambo ya mto, zikielekeza muhogo ulowekwe siku moja, zikiwa na jina la Bwana Apollinaire.

Mnamo tarehe 2 Oktoba, baada ya kusikia kwamba watoto wa Lubunga wanaugua miguu, nilivuka mto kwa pirogi, mtumbwi wa mti. Saa tano asubuhi nilifika kwa Mama Chancelle, mkulima. Binti yake Daniella, mwenye miaka tisa, alikuwa ameketi juu ya mkeka. Miguu yake ilikuwa imekakamaa. Mama alinionyesha karatasi ile, ikiwa imekunjwa vizuri ndani ya kitabu cha nyimbo za kanisa.

"Tate yangu, mama ya mama yangu, alilowekaka siku ine," alisema. "Mie nikasema, bale ba zamani hawakusoma. Papa, weye mutu ya masomo, atatembea tena?"

Nilihesabu watoto kumi na mmoja katika mtaa ule wasioweza kusimama.

Jumatatu tarehe 6 Oktoba Bwana Apollinaire alikamatwa, kwa sababu jina lililoandikwa kwenye karatasi ni lake. Idadi iliyomfanya Bi Kyakimwa aichague kazi ile ni yangu. Barua ninaikabidhi leo. Imekaa katika droo yangu miezi kumi na tisa.

Hayo ndiyo niliyoyatenda na niliyoyaona, nami ninayatia sahihi nikiwa na akili timamu.

(Sahihi) E. Bolamba Yenga

Maandishi ya ofisa: Maelezo yamesomwa mbele ya shahidi, naye ameyakubali. Barua imepokelewa. Shahidi amezuiliwa saa 5:05; amekabidhi mkanda, miwani na ufunguo mmoja wa droo. Bwana Lisungi bado anazuiliwa hadi mwendesha mashtaka aamue. Shahidi ameomba asiwekwe pamoja naye. Kituo hiki kina chumba kimoja.

(Sahihi) Inspekta Merdi Lokwa