Sifuri Iliyoficha Watoto

Ramazani, ndugu yangu,

Ni minye, mimi Mwalimu wako. Usishtuke, safari hii sikuja kukuhoji.

Bunduki zimenyamaza tangu wiki iliyopita. Siamini, na mkoba wangu bado uko mlangoni. Watu waliokimbia uwanda wa Ruzizi wanaendelea kufika hapa Kimanga, na chumba chetu cha kuandikisha majina bado kiko wazi. Kwenye kiti chako naketi mimi. Kinanichoma.

Ulikufa ukijua nakushuku. Sikukuambia usoni, ila mtu hanyang'anywi ufunguo wa ofisi hivi hivi.

Unazikumbuka zile programu mbili nilizoziandika kwa lugha ya C ya kompyuta? Moja mezani, ya kuandika majina. Nyingine ghala, ya kuyatunza. Zilipitishiana majina kwa soketi, ule mfereji wa programu kuzungumziana, ndani ya mashini ileile, kama majirani wanaopeana chumvi dirishani. Nilijivuna nazo mno! Basi ghala lilipoanza kuonyesha akina mama bila watoto wao, sikuishuku kazi yangu hata dakika moja. Nilikushuku weye. Orodha ya watoto, wakati huu wa vita, ina wanunuzi. Na kasoro ilitokea siku za zamu yako tu. Nilijaribu mwenyewe: jina moja, nasubiri, jina la pili. Yote yalifika.

"Weye Mwalimu, unaandikaka kama kuku anadonoa muchele," ulinicheka. Nami nikacheka, huku nikijiuliza kwa nini unataka niondoke mezani. Hata uzi wa kitenge cha mke wangu niliutega juu ya kibodi, nione nani ataugusa. Paka aliugusa.

Halafu akaja yule baba kutoka kijiji cha Kiringye, anamtafuta mtoto wake Neema. Tukamhoji kwanza yeye, kama kawaida yetu, kisha mashini ikasema mtoto hayuko. Akarudi uwandani kumtafuta katikati ya risasi. Siku hiyo niliwanong'oneza wakubwa wa kamati: mumuchunge Ramazani. Wakakutoa kazini, na wao wakanong'ona hadi sokoni. Juma la pili homa ikakuchukua. Mazishini tulikuwa wachache. Wachache sana, Rama.

Mkeo, Mama Zuhura, aliniletea daftari lako, lile ulilokuwa ukiandikia majina ya watu wa foleni. Nililifungua kama polisi, nikukamate hata huko uliko. Neema alikuwemo! Mwandiko wako, jina la tatu chini ya la shangazi yake: mtaa wa Kilibula, nyumba iliyo nyuma ya bomba la maji. Nikaiandika familia ile kwenye mashini kama ulivyofanya weye foleni ikiwa ndefu: majina yote manne, kisha kutuma mara moja. Akatokea shangazi peke yake.

Nikaliagiza ghala linitajie limepokea herufi ngapi. Zilikuwa nyingi kupita jina moja. Majina yote yalikuwa yamefika, ndugu yangu. Kila jina huishia na sifuri, alama ya kwamba limekwisha, na yakitumwa haraka huwasili yameshikana. Programu yangu ilisoma hadi sifuri ya kwanza, ikaridhika, ikawatupa waliobaki. Niliamini kwamba kila ninachotuma kitapokelewa peke yake. Soketi haikuniahidi hivyo hata siku moja. Na mimi ndiye ninayefundisha watoto wa watu informatike, hayo mambo ya kompyuta! Sasa ghala linaendelea kusoma, sifuri baada ya sifuri, na jina likifika nusu, linaisubiri nusu ya pili.

Baba wa Neema tumempata. Jana aliketi pale Kilibula, amemshika mtoto mkono.

Mama Zuhura nimemweleza yote. Nilidhani atalia. Akaendelea kuchambua mboga zake za lengalenga.

"Mwalimu, ulimuchafua kwa batu bengi. Umusafishe mbele yao, hapana hapa jikoni kwangu."

Basi Ijumaa, watu wakitoka kuswali, nitasimama mlangoni pa msikiti wenu, minye Mkatoliki, niseme: Ramazani hakuficha mtoto yeyote, kosa lilikuwa langu. Na kwa kuwa sasa ninayemshuku ni mimi mwenyewe, kwamba nitazua ugonjwa siku hiyo, nimemwomba mkeo aje kunichukua nyumbani. Amekubali haraka mno.

Lala salama, Rama. Nitalitaja jina lako lote, pamoja na la baba yako, kwa sauti ya kufika hadi kule barabarani.

Mwalimu wako