Kikombe cha Tatu

Mulunesh wangu kapewa darasa lake mwenyewe hapa Jimma! Haya sasa, hujambo, mdogo wangu Wubit?

Siku ya kwanza aliwagawa wanafunzi katika vikundi, akawaambia, "Fanyeni kama kwenye kahawa ya mama. Kila mtu asikilizwe, na asiondoke mtu kabla ya kikombe cha tatu, kile cha mwisho, cha baraka." Kasichana kamoja kakadakia, "Na bisi zipo, mwalimu?"

Mwanangu ana akili, ila hayo kayatoa kwetu. Wakumbuka tulivyogombania bisi, mama akicheka huku akimimina?

Siku ya matanga ya mama tuligombania shamba, ukaondoka baada ya kikombe cha pili. Cha tatu bado chakungoja.

Tunampongeza mwalimu wetu. Mimi dadako Yeshimebet nawatarajia nyote, wewe na wa nyumbani kwako, kwenye kahawa Jumapili baada ya sikukuu ya Meskeli.