Maji Niliyoyamwaga Kijitoni

Alhamisi. Upepo umevuma tangu asubuhi, vumbi limeingia hadi kwenye unga. Sijala kitu leo.

Juma lililopita bwana wa maji kutoka wilayani alipanga sahani nyeupe juu ya vigingi kando ya kijito chetu, hapa Gehandu. Kila moja aliitia maji kidogo. Alitaka kujua kama dawa inayomwagwa na ndege kwenye shamba la ngano la serikali inapeperushwa hadi huku. Akaniomba mimi nizilinde, kwa kuwa nimemaliza shule na niko nyumbani tu. Nilifurahi mno.

Jumanne ndege ilipita, ikageukia juu ya kijito. Sahani zote zikawa na utando wa kijivu, zinanuka dawa. Kazi yangu ilikuwa kuziacha hivyo hivyo.

Lakini jana shangazi alikuja kutoka Bashay na wenzake wa kwaya. Walipita kijitoni, wakaziona. "Huyu ndiye msomi wenu?" akamwambia mama. "Vyombo vinalala nje na uchafu wake." Wenzake wakacheka. Kwetu binti hupimwa kwa vyombo. Ningeweza kueleza, ila mbele ya wageni mdomo wangu haufunguki.

Nikayamwaga yale maji kijitoni, nikazisugua sahani kwa majivu, nikazirudisha na maji mapya ya chemchemi.

Leo bwana wa maji alikuja na chupa zake. Aliyachungulia yale maji, akayaona safi, akauliza kama kuna aliyezigusa sahani. Nikatikisa kichwa kukataa. Akasema basi upepo hauleti dawa huku, na kesho atawaeleza hivyo wakubwa wa shamba. Ndege itaendelea kugeukia juu ya kijito.

Nilimwacha aondoke.

Jioni nilikwenda kwa jirani yetu Mbarabaig, Mama Gidamis. Ng'ombe wake hunywa kijitoni, na ndama wawili wameshakufa. Nilimpa shikamoo, nikamweleza yote nikiangalia chini. Aliendelea kukamua.

"Basi wewe ni msafi," akasema. "Utaolewa upesi. Na mimi ndama nitawanywesha wapi?"

Nikamwambia kesho nitasema kweli.

Bwana wa maji amelala kule shambani. Kukipambazuka nitakwenda kumwambia, hata kama hao wakubwa watakuwepo. Naogopa. Nikifika nikanyamaza tena, je?

Mama Gidamis atakuja nami. Amesema atatembea nyuma yangu, nisije nikageuka njiani.