Wimbo wa Matanga kwa Mtu Anayepumua

Jumanne, 6 Mei

Mpumbavu mimi! Miaka sitini na nane, nimezika nusu ya mji wetu wa Quibdó kwa koo hili, halafu leo nimeimba alabao, wimbo wa matanga, mbele ya watu hai wanaopumua!

Kosa ni la yule mwalimu wa gitaa wa Medellín. Kila Jumanne anatukusanya kwenye simu, wagonjwa sita wa saratani, kila mtu na uso wake kwenye kisanduku chake cha kioo. Maiki tufunge, ati sauti zinachelewa njiani, zinagongana. Unaimba peke yako kama kichaa! Leo akasema, Mama Eufemia, fungua, tuimbie wimbo uliokutia nguvu. Mimi najua upi mwingine? Nikaimba. Na Mzee Heliodoro wa Buenaventura naye akafungua maiki yake — akaitikia! Beti zote, na kipara chake, anatabasamu.

Kwetu huo hauimbwi bila maiti ndani ya nyumba. Maiti asipokuwepo, wimbo unatoka kwenda kujitafutia.

Jumanne, 13 Mei

Visanduku vitano. Cha Heliodoro hakipo. Mwalimu anasema huenda ni kemo tu, zile dawa za saratani, zimemchosha. Huenda!

Nimekataa kuimba. Nimekaa kama gogo. Mjukuu wangu Yurleidy ananicheka: "Bibi, wimbo hauna namba ya simu ya mtu." Nikamwambia afunge domo. Yeye kaimba matanga ya nani?

Alhamisi, 15 Mei

Nimetapika mpaka maji. Naosha sahani, nasikia kiitikio. Sauti ya kiume, imechelewa kidogo, kama ile ya simuni. Simu imezimwa! Nimeifunika kwa sufuria.

Jumanne, 20 Mei

Kisanduku chake kimerudi. Cheusi, jina tu. Anayeongea ni binti yake, Nayibe. Baba hali, hasemi neno tangu Jumapili. Ila asubuhi hii ametamka jina langu. Anautaka ule wimbo. "Mama, nakuomba. Anakusubiri."

Mwalimu kaziba nyuzi za gitaa kwa kiganja.

Nikawaambia nakwenda chooni. Ndiko ninakoandikia. Nikiimba, ni mimi niliyemsukuma kaburini. Nisipoimba, mtu aliyeniitikia peke yake katika wote anaondoka bila sauti hata moja. Nitalalaje?

Kabla sijatoka nilimuuliza binti, amelala vipi? Chali, mama. Na mikono? Tumemwekea kifuani, apumzike vizuri.

Kifuani! Hivyo ndivyo tunavyolaza maiti! Hawa watoto wa mjini hawafundishwi kitu!

Nimempigia Yurleidy kelele mlangoni: rudi kwenye simu, mwambie huyo msichana mikono ya babake aitoe kifuani sasa hivi! Amwinue, amkalishe kitako, mito mgongoni, hata akilia kwa maumivu. Maiti hakai; wimbo ukimkuta amekaa, utampita. Akishakaa, nifungulie maiki.