Chachu ya Mama Jasi

Mjukuu wangu Nekesa,

Sisi hapa Kitale tu wazima, na mahindi yameingia ghalani. Barua yako nimemsomea babu yako kwa sauti, kumbe umepika mkate wako mwenyewe! Unauliza kama chachu itaisha ukiwagawia wenzako.

Nilipokuwa bibi harusi mpya, mama mkwe alitoka Kabuchai kuja kunitembelea mara ya kwanza. Nilitamani sana aonje mkate wangu. Siku moja kabla hajafika, mbuzi aliingia jikoni akailamba chachu yote! Nilikimbia nikilia kwa jirani yetu Singasinga, Mama Jasi.

Alicheka. "Si wewe ndiye ulinipatia kijiko kimoja? Sasa imejaa kopo, bana. Chukua!"

Mkate uliumuka ukapita ukingo wa sufuria. Mama mkwe alikula, akaongeza kipande, kisha akamwambia babu yako, "Huyu msichana atakaa."

Chachu uliyobeba kwenda Nairobi ilitoka katika kopo hilo la Mama Jasi. Wagawie wote, na Disemba utuletee mkate. Babu yako ameshanunua siagi!

Kukhu wako anayekupenda