Sehemu ya Pili Haikatwi

Alhamisi. Baridi imegoma kuondoka na vumbi jekundu limeingia hadi kwenye sahani zilizofunikwa. Nina hasira, na leo sitaki kuipoza.

Kikundi chetu cha maigizo kinatayarisha komedi ya mwandishi wa zamani wa Marekani. Aliiandika, ikasahauliwa ndani ya sanduku, akafa bila kuiona jukwaani. Juzijuzi tu watu wameifufua. Tuliipata kwa Kifaransa tukaigeuza Kiswahili chetu cha Kolwezi.

Sehemu ya pili hunivunja mbavu. Familia imefukuzwa nyumbani, vyombo vimetupwa uani. Mke anapanga viti palepale juani kama vile kuta bado zipo. Ofisa aliyewafukuza akirudi, anaambiwa afute viatu mlangoni, na mlango wenyewe haupo.

Leo Tata Ilunga, msimamizi wa ukumbi wa parokia, katuambia tuikate sehemu hiyo au tutafute ukumbi mwingine. Eti hapa watu wa Kasai walifukuzwa kweli, jambo hilo si la kuchekesha.

Mimi ni mtoto wa hao watu.

Baba alikuwa karani wa mgodi. Mishahara ilipokatika na mji kuharibika, tukaambiwa turudi kwetu Kasai, mahali ambapo sikuwahi kukanyaga. Tuliishi kwenye kituo cha reli tukingoja treni, na majirani tuliokula nao walipita bila salamu. Leo Tata Ilunga anataka kunifundisha uchungu wangu?

Lakini Mama alikuwa amekaa nyuma, amekuja kutazama mazoezi, na miaka yote hii hajawahi kuzungumzia kituo. Niliogopa kumtonesha. Nikajiambia, akilia, sehemu hiyo nitaikata mwenyewe.

Tukaicheza. Ofisa alipoingia, Mama akasimama, akamwambia:

"Tata, unapita mu ukuta. Rudia, piga hodi."

Sote tukaangua kicheko. Ofisa akarudi, akapiga hodi. Mama alicheka mpaka akashika kiti. Kisha akatusimulia kwamba kule kituoni alichora chumba chetu sakafuni kwa mkaa, na hata askari aliyekuja kutuhesabu alimzungusha hadi apite mlangoni. Mistari ile naikumbuka. Siku zote nilidhani aliichora ili sisi watoto tucheze.

Tata Ilunga akasisitiza kwamba wengine wataumia.

"Ni mi balifukuzaka," Mama akamjibu. "Kama mi nacheka, weye unaogopa nini?"

Tata Ilunga alisema atafikiria. Na afikirie. Nimeshawaambia wenzangu kwamba hatukati hata neno moja, na hakuna aliyebisha. Akitufungia ukumbi Jumamosi, siku ya onyesho, tutacheza kule kituoni.

Mama ameniagiza mkaa.