Lama Amekwama Nasi Lobuche

Mwanangu Lhamu,

Mama yako hajambo, kifua tu kinabana. Usishtuke kusikia niko Lobuche, kwenye nyumba ya wageni chini ya mlima. Nilikuwa napanda kwenye kambi ya wapanda mlima kumrudisha kaka yako Nuru kabla lama, mtawa wetu, hajawaombea safari, maana unamjua: akishafungwa uzi mwekundu wa baraka shingoni, hata nilie damu hageuki. Atabeba mizigo ya wageni kwenye barafu ile ile iliyommeza baba yenu.

Theluji ikatufungia humu. Moshi wa mavi ya ng'ombe wa yaki tunayochomea jiko unatutoa machozi, simu za humu zimekufa, wazungu wanaumwa vichwa na kununia viazi. Lakini sikia, mwanangu: lama mwenyewe amekwama humu humu! Bila maombi hakuna Msherpa mwenzetu atakayeukanyaga ule mlima. Basi namjaza chai ya siagi na kumuuliza habari za ukoo wake wote.

"Mama Nuru, utanipasua tumbo!"

"Kunywa, baba lama, huko juu kuna baridi."

Leo jua limetoka. Wanaume wamefukua mlango, na lama anatafuta viatu vyake. Ameshalizunguka jiko, sasa anawashuku wazungu.

Najua ni dhambi. Najua pia kambini wakichoka kungoja watamwita lama mwingine. Rubani wa helikopta aliyekuja kumchukua mzungu mgonjwa atakuletea barua hii huko mjini leo leo. Mpigie kaka yako kwa simu ya setilaiti ya kambini, mbembeleze ashuke, wewe anakusikia. Fanya hima, Lhamu. Viatu nimevikalia mimi, na lama ameanza kuniangalia.

Ni mimi mama yako,
Phuti